Tumbo la mzee: mtindi, vidonge vya bakteria na choo kigumu

Mama yangu ana miaka 69. Alipewa amoksilini yenye klavulaneti kwa ajili ya nimonia, siku ya nne akaanza kuharisha. Duka la dawa linanishauri vidonge vya probayotiki (bakteria hai wa kusaidia tumbo) ambavyo bei yake inanizidi. Mtindi hautoshi? (Msomaji, Morogoro)

Pole kwa kuuguza. Kwanza hesabu safari zake za chooni. Choo laini mara mbili kwa siku wakati wa dozi si ajabu. Antibayotiki haichagui: inaua vijidudu vya mapafuni pamoja na bakteria rafiki wa utumbo mpana, wale wanaochachusha mabaki ya chakula. Wakipungua, maji mengi hubaki kwenye choo.

Ila akiharisha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, au akiwa na homa, maumivu makali ya tumbo au damu kwenye choo, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo. Waliovuka miaka 65 ndio wanaosumbuliwa zaidi na Clostridioides difficile, bakteria anayestawi pale wenzake walipokufa, naye hutoa sumu inayochubua utumbo. Anaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, kwa hiyo daktari atajiwe antibayotiki hiyo hata kama imeshasahaulika nyumbani. Usimpe loperamidi ya kuzuia kuharisha kabla hajapimwa. Na dozi asiikatishe mwenyewe. Daktari ndiye atakayeamua kuibadilisha.

Kuhusu vidonge: mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali za Uingereza kwa karibu wagonjwa 3,000 wa miaka 65 na zaidi waliokuwa wakitumia antibayotiki. Nusu yao walipewa vidonge vya bakteria kwa siku 21, nusu vidonge vitupu. Idadi ya walioharisha ilikaribia kulingana pande zote mbili. Yapo majaribio mengine, yenye aina nyingine za bakteria, yaliyoona nafuu, lakini hakuna sababu ya wewe kukopa fedha kwa ajili hiyo. Mpe mtindi kikombe kimoja kwa siku, saa 2 kabla au baada ya dawa. Angalizo moja kwa wasomaji wengine: kwa antibayotiki za siprofloksasini na doksisaiklini, kalisi ya maziwa huishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Siprofloksasini imezwe saa 2 kabla ya mtindi au saa 6 baada yake.

Kinachomwangusha mzee anayeharisha ni kuishiwa maji, na wazee wengi hawasikii kiu. Apewe glasi ya maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kila anapotoka chooni. Pakiti zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Kama ana ugonjwa wa moyo au wa figo, uliza kwanza kiasi cha maji anachoruhusiwa.

Mimi ni mzee wa miaka 74. Napata choo kila baada ya siku nne, kigumu kama mawe, na kila Jumamosi nakunywa haluli. Natumia tramado ya mgongo, vidonge vya kuongeza damu na amitriptilini ya usiku. Ipo probayotiki ya kunifaa? (Msomaji, Tanga)

Shikamoo, mzee wetu. Jibu limo ndani ya swali lako. Dawa zote tatu ulizozitaja hufunga choo. Tramado hupunguza mwendo wa utumbo, na utumbo hauizoei hata ukiitumia mwaka mzima. Amitriptilini nayo hulegeza misuli ya utumbo ikasukuma polepole, na madini ya chuma huvigumisha vinyesi. Hakuna bakteria wa kushindana na hizo tatu kwa pamoja. Nenda na pakiti zote kwa daktari, umuulize ipi ipunguzwe, ipi ibadilishwe, na kama tramado ni lazima, akuandikie dawa ya kulainisha choo ya kwenda nayo sambamba. Laktulosi, mojawapo ya dawa hizo za kulainisha, huchukua siku 2 hadi 3 kufanya kazi. Usiione haifai usiku wa kwanza.

Haluli tunakuomba uiache. Ni chumvi ya magnesiamu, na inayotoa magnesiamu mwilini ni figo, ambazo kwa umri wako huwa zimepunguza kasi. Ikirundikana hushusha presha, huleta usingizi mzito na kupunguza mapigo ya moyo. Sanamaki ni afadhali kwa siku chache, si kwa kila wiki bila ushauri.

Kwa upande wa chakula, badilisha sembe kwa dona, ongeza papai bivu asubuhi na maharage nusu kikombe kwa siku, kisha panda taratibu kwa wiki tatu. Ukiongeza yote siku moja, tumbo litajaa gesi utachukia. Maji glasi 6 hadi 8, isipokuwa kama daktari amekuwekea kipimo; nyuzinyuzi bila maji zitakuzibia zaidi. Nenda chooni nusu saa baada ya kifungua kinywa, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao husukuma. Kama choo ni cha kukaa, weka kigoda cha sentimita 20 chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga.

Jambo moja linalowapoteza wengi: mzee aliyefunga choo kwa siku nyingi akianza ghafla kuchafua nguo kwa majimaji, huenda haharishi. Donge gumu limeziba na majimaji yanapita pembeni. Dawa ya kuzuia kuharisha hapo huongeza balaa. Na ukiona damu, ukipungua uzito bila sababu, au tabia ya choo ikibadilika tu bila dawa mpya, omba uchunguzi wa utumbo mpana.

Mtindi wangu wa nyumbani huvutika kama mlenda, wakati mwingine maji hupanda juu. Nakosea wapi? (Msomaji, Machakos)

Maji kidogo juu si kosa, yakoroge urudishe. Yakiwa mengi, umeugandisha muda mrefu mno au umeutikisa kabla haujashika. Kuvutika mara nyingi kunatokana na joto dogo: bakteria wa mtindi wanalemaa, wengine wanachukua nafasi.

Chemsha lita 1 ya maziwa mpaka yapande, punguza moto, yaache yatokote dakika 5. Usiruke hatua hii kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani. Maziwa mabichi hubeba vijidudu vya brusela (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo) na vya kifua kikuu. Yapoze hadi nyuzi 43 hivi, kiasi kidole safi kivumilie sekunde 10. Yakiwa moto zaidi utaua mbegu, yaani bakteria wa mtindi wa kuanzishia. Koroga vijiko 2 vya chakula vya mtindi wa dukani ulioandikwa kuwa una bakteria hai, funika, uzungushie blanketi au utie kwenye hotpoti saa 6 hadi 8 bila kuugusa. Kisha friji, umalizike ndani ya siku 5. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, mwaga wote, usikwangue juu tu.

Mzee anayesema maziwa humjaza gesi ajaribu robo kikombe cha mtindi. Bakteria wameshala sehemu ya sukari ya maziwa, na wanaendelea kuivunja tumboni.

Bibi hapendi mtindi, ila hunywa uji wa kuchachua kila siku. Si probayotiki hiyo? (Msomaji, Nakuru)

Ni chakula kizuri, lakini bakteria wake wamekufa. Unga unachachuka kwanza, halafu unapikwa. Togwa hufuata mpangilio wa kinyume: uji unapikwa, unapoa hadi uvuguvugu, ndipo unatiwa kimea cha ulezi na kuachwa usiku kucha. Huo ukinywewa bila kuchemshwa tena, una bakteria hai. Maji ya kuongezea yawe yamechemshwa. Na kama bibi anapata matibabu ya saratani, au ana mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, asipewe bakteria hai wa aina yoyote, wa kidonge wala wa kibuyu, mpaka daktari wake aridhie.