Mstari wa kwenye simu si njia: kwa anayetaka kukimbia Chatsworth Jumapili

Usiende na mstari huo wa njia ya kwenye ramani ya simu, mdogo wangu. Nimeifungua picha uliyoweka, nikaikuza hadi macho yakauma, na pale mstari unapokatiza bustani ya jumba kwenda upande wa pili, moyo umenidunda. Nimeacha chai inapoa nikuandikie.

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: kijana yuko Sheffield kimasomo tangu Septemba. Jumapili ya mwisho ya Novemba anataka kukimbia kilomita 18, kutoka Baslow kupita Chatsworth (shamba kubwa la kabaila, Duke wa Devonshire, lenye jumba na bustani yake) hadi Rowsley na kurudi, pamoja na kupanda kwenye ule mnara wa juu ya msitu. Anaanza saa nane na nusu mchana. Njia katumiwa na mtu wa kundi lao la kukimbia. Anauliza avae viatu gani, basi gani litamrudisha mjini, na kama kuna haja ya kubeba maji kwenye baridi ile. Hayo yasubiri, kwanza njia.

Mimi mstari kama huo ulinivunja mguu. Mwaka wa tatu huu.

Nilikuwa na miaka miwili England, nafanya kazi ya kutunza wazee kwa zamu, na kukimbia ndicho kitu pekee kwenye wiki nzima kilichokuwa changu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na kiongozi mmoja, mwenyeji wa miaka mingi, mtu wa kutoa maelekezo. Akanitumia njia ya kilomita 16 kupita kwenye shamba kubwa la kabaila kusini mwa nchi. Shamba silitaji, halina kosa. Nikamuuliza mageti yanafungwa saa ngapi. Akajibu pale pako wazi siku zote, yeye anakimbia pale miaka sita, na kwenye programu ya simu ya kurekodi mbio njia nzima imewaka nyekundu, maana yake watu wanapita kwa mamia. Nilipositasita kwa sababu ya giza la Desemba akaniletea habari ya mzee John Stephen Akhwari, Mexico 1968, kwamba Mtanzania hasiti. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko skrubu zilizomo mguuni. Akhwari alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, goti limeteguka, akafungwa bandeji, akamaliza mbele ya uwanja uliokuwa umeanza kumwagika. Alikuwa kwenye barabara ya mashindano, kuna waamuzi, kuna madaktari. Jina la mzee yule si la kumsukumia mtu gizani kwenye shamba asilolijua.

Nikaenda. Niliingia geti la magharibi saa nane mchana. Kulikuwa na kibao cha saa za kufungua, nikakipita bila kukisoma kwa kuwa nilishaambiwa pako wazi. Saa tisa na dakika arobaini na tano nikafika geti la mashariki, lile ambalo mstari unatokea, nikakuta limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Ukuta wa mawe kulia na kushoto, umenizidi kimo, unapotelea kwenye miti pande zote mbili. Kurudi nilikotoka ni kilomita sita na ushee. Simu ina asilimia 9, na simu kwenye baridi haikuagi, inazima tu.

Kwenye ramani ya programu nikaona mstari mwingine mwekundu, unapita mbele ya jumba na kuteremka moja kwa moja hadi barabara ya magari. Taa za magari nilikuwa naziona kati ya miti. Baina yangu na zile taa kulikuwa na majani tu, yamekatwa vizuri kama zulia, mbele yake kondoo wanakula, nyuma ya kondoo miti. Hakuna uzio. Hakuna ukuta. Nikasema Mungu mkubwa, nikaongeza mwendo.

Hatua ya mwisho haikukuta kitu.

Nilidondoka kimo cha mtu mzima, mguu wa kulia ukatangulia na kugeuka chini yangu. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Nilipoinua kichwa nikaona nyuma yangu ukuta wa mawe uliosimama wima, una ukungu wa kijani kwenye viungo, na juu yake yale majani niliyotoka kuyakanyaga. Kondoo mmoja alikuwa mbali nami kama hatua kumi, anatafuna, ananitazama. Ndipo nikaelewa kwa nini kondoo hawakuwa wamepanda kwenye bustani ya jumba.

Kitu kile kinaitwa ha-ha. Ndilo jina lake hasa, limo hadi kwenye vitabu vya historia ya bustani. Karne ya 18 makabaila walitaka wakikaa dirishani waone majani ya bustani yakiendelea bila kukatika hadi malishoni na milimani, ng'ombe na kondoo wakiwa kama sehemu ya picha. Uzio ungeharibu picha. Basi wakachimba mtaro, upande wa jumba wakajenga ukuta wima uliozama ardhini, upande wa pili wakaacha mteremko wa majani. Mnyama akija kutoka malishoni anakutana na ukuta. Mtu akija kutoka upande wa jumba haoni chochote, majani ya juu yanaungana na majani ya ng'ambo. Mbunifu wa bustani Charles Bridgeman alitumia mbinu hiyo kwenye shamba la Stowe, na baadaye mashamba mengi makubwa yakaiga. Kwa hiyo sikuanguka kwa uzembe wa macho. Kile kitu kilijengwa makusudi kisionekane kutoka upande niliotokea, na kwenye mwanga ule wa jioni hata mwenyeji angekwenda chini.

Nililala pale karibu saa nzima. Simu ilizima katikati ya kuita. Jasho lilishageuka barafu mgongoni, nikawa natetemeka hadi meno yanagongana, nikaanza kuimba kwa sauti ili nisilale. Aliyenisikia ni mzee mmoja mfanyakazi wa shamba aliyekuwa anakagua kondoo na mbwa wake. Alinivua glovu zilizolowa akanivisha zake, zina harufu ya mafuta ya trekta, akakaa na mimi mpaka gari la wagonjwa likafika. Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu ile njia nyekundu. Mara moja kwa mwaka shamba linaruhusu mashindano, mageti yote yanafunguliwa, kamba zinafungwa, daraja la muda linawekwa juu ya ha-ha, na mamia ya watu wanapita mbele ya jumba na saa zao mkononi. Programu inajumlisha nyayo hizo na kuwasha nyekundu. Siku zilizobaki hakuna apitaye.

Kwenye eksirei ilionekana mifupa miwili ya kifundo imevunjika. Nikafungwa chuma na skrubu saba. Wiki sita magongo, kisha buti la plastiki, wiki 13 bila zamu hata moja, na kwa mkataba wangu usipofanya zamu hulipwi zaidi ya ile posho ndogo ya ugonjwa. Kodi ya chumba niliikopa kwa dada yangu Moshi, mimi niliyekuwa natuma hela nyumbani. Kiongozi wa kundi aliandika "pole sana", siku ya tatu akatuma njia nyingine kwenye kundi. Nilikuja kugundua alikuwa akikimbia pale Juni, jua linapozama baada ya saa tatu usiku. Miaka sita ya Juni.

Ndiyo maana nasema usiweke mguu pasipo na kijani kwenye ramani. Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, aina ya Explorer, ile ya kipimo cha 1:25,000. Ya Chatsworth ni OL24. Vistari vya kijani ni njia za haki ya umma: vifupi ni vya waenda kwa miguu, virefu vinapitisha pia farasi na baiskeli. Njia ya kijani mwenye shamba hawezi kujiamulia tu kuifunga jua likizama, awe Duke au nani. Vistari vya rangi ya chungwa ni njia za ridhaa, mwenyewe karuhusu na anaweza kusitisha. Vistari vyeusi, na hapa ndipo wengi wanapotea, vinamaanisha tu kwamba pale ardhini pana alama ya njia, havikupi haki yoyote. Laiti ningeangalia ramani hiyo kwa dakika tano ningeona geti la mashariki liko kwenye chungwa, na mbele ya jumba hakuna rangi kabisa. (Scotland ni habari nyingine, kule sheria ya 2003 inakuruhusu kupita sehemu nyingi za mashambani ukiwa na adabu. Wewe uko England.)

Sasa shika mstari wako uulinganishe. Bustani ya Chatsworth ni ya kuingia kwa tiketi. Aliyekurekodia njia pale ndani huenda alikuwa mtalii aliyesahau kuzima saa yake. Ufute. Weka njia ya bondeni, ile ya Derwent Valley Heritage Way, inaingia kutokea Baslow kwa geti la kupitisha mtu mmoja mmoja na kufuata mto ndani ya shamba. Hukosi kitu kwa kufuata hiyo. Jumba unaliona lote ng'ambo ya mto, na daraja la mawe la msanifu James Paine la miaka ya 1760. Angalia majani ya malishoni jua likiwa chini, utaona matuta marefu sambamba kama shamba la mahindi lililofunikwa zulia: ni matuta ya wakulima wa zamani, kabla mbunifu wa mandhari Capability Brown hajaitengeneza mandhari ile. Na kijiji cha Edensor upande wa magharibi kilihamishwa karibu chote kati ya 1838 na 1842 kwa amri ya Duke wa sita. Kila nikipita pale nawafikiria waliofungasha vyombo vyao.

Mnara uache kwa siku ya mwanga.

Na hiyo saa nane na nusu ibadilishe. Sisi tumekulia mahali ambapo mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja hivi, mwili umeshazoea kwamba baada ya chakula cha mchana bado kuna siku. Mwisho wa Novemba huko linazama kabla ya saa kumi kamili. Tena halizami kwa kishindo kama kwetu. Mchana wote ulikuwa wa kijivu, kijivu kinakolea kidogo kidogo, unadhani bado unaona, kumbe kilichobaki ni rangi moja ya majani karibu na mbali. Mimi nilidondokea kwenye rangi hiyo. Anza saa nne asubuhi. Beba tochi ya kichwani na kipenga hata asubuhi, weka simu mfuko wa ndani karibu na ngozi, na leo hii tuma ujumbe wenye neno "register" kwenda 999, namba ya dharura, ufuate maelekezo, ili siku sauti ikikosa mtandao uweze kuita msaada kwa meseji.

Siku ukija kusini nitakupeleka Windsor, kwenye Long Walk, barabara iliyonyooka zaidi ya kilomita nne kutoka kasri hadi sanamu ya mfalme juu ya farasi. Marathoni ya Olimpiki ya 1908 ilianzia pale kasri, na hapo ndipo kilomita 42.195 zilipotoka. Mbio zangu za kwanza baada ya buti nilizikimbilia pale, dakika ishirini tu, nikalia njia nzima.

Ramani ukishaipata, chora njia yako upya kwa kalamu, piga picha uniwekee hapa kabla ya Ijumaa usiku. Nitaifuata kidole kwa kidole. Nikikuta sehemu moja imetoka kwenye kijani nakuandikia muda uleule.