Kupatana bei ya jezi za zamani Kongowea: uliza robota kwanza

Ndugu yangu, nimekusoma mara mbili. Wasema ulikwenda soko la Kongowea hapa Mombasa Jumamosi, ukaiona jezi ya Arsenal ya enzi za O2, ile kampuni ya simu iliyoandikwa kifuani, ikining'inia, muuzaji akakutajia shilingi 4,000, wewe ukamwambia 800. Akaishusha, akaikunja, akakwambia ukatafute ya 800 kwingine. Sasa wauliza kama wauza jezi wa pale wameharibika wote, na mtu mgumu namna ile utapatana naye vipi.

Mimi nanunua jezi za mitumba Kongowea, Mwembe Tayari na kule Likoni karibu na feri tangu 2011. Nimefukuzwa kama wewe, zaidi ya mara moja. Nitakueleza nilichojifunza kwa wauzaji wenyewe, maana wawili watatu kati yao sasa tunaulizana hali za watoto.

Anza na robota. Mitumba huja imekazwa kwa mikanda, kwa kawaida kilo 45, na mwenye kununua hachungulii ndani. Analipia asichokiona. Akishakata mikanda, kwanza hutoa kamera, zile bora zisizo na doa. Zinafuata za kati. Mwisho hubaki fagia, zile za kumwagwa chini kwenye turubai na kuitiwa wateja kwa shilingi hamsini hamsini. Na robota la nguo za michezo si robota la jezi za Arsenal. Nilikaa na kijana mmoja siku anafungua lake, tukazitoa pamoja: jezi za klabu zinazojulikana zilikuwa 11. Zilizobaki zilikuwa fulana za mbio za hisani, jezi za shule zenye majina ya watoto wa Uingereza mgongoni, kaptula za raga, na suruali za mazoezi zilizokatika lastiki. Aligeuza beseni akalikalia, akazihesabu tena zile 11, kisha mara ya tatu.

Jezi yako ya O2 ilikuwa moja ya 11 za mtu. Ndiyo iliyombebea zile kaptula. Ukimwambia 800 saa tatu asubuhi siku ya kufungua, wewe waiona fulana kuukuu ya miaka 20, yeye anaona robota zima likizama. Ndiyo maana mimi siulizi bei kwanza. Nauliza: "Hili umelifungua lini?" Naweza kuuliza nikiwa nashika kitu kingine kabisa. Akisema leo, najua mtaji wote uko nje na leo hapungui. Akisema juzi, tunaweza kuzungumza. Akisema wiki iliyopita, na ile jezi bado imening'inia, basi kuna sababu imebaki, nami naitafuta hiyo sababu kwa macho kabla sijafungua mdomo.

Nikupe mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio ulionifunza zaidi.

Kulikuwa na mzee mmoja, nilikuwa nikimwita ami, ambaye kila mtu wa jezi alimkimbia. Hataji bei mara mbili. Ukimuuliza "mwisho ngapi?" anakujibu "mwisho ni pale nilipoanzia." Kwake niliona Liverpool nyekundu ya Reebok, kifuani jina la bia ya Carlsberg, ile ya 2004 hadi 2006. Ni jezi ya aina waliyovaa kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Istanbul, tarehe 25 Mei 2005, walipokwenda mapumziko nyuma 3-0 mbele ya AC Milan, wakasawazisha na kushinda kwa penalti. Mimi mechi ile niliitazama nimesimama, kwenye kibanda cha video kilichojaa mpaka dirishani, na tangu siku ile niliitaka. Akataja 3,500. Nilikuwa na 2,000 mfukoni.

Nilimwamkia, nikamuuliza la robota. Akasema amelikata jana, amelinunua 22,000, na mpaka saa ile amepata 9,000. Alinieleza waziwazi kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikamwambia, "Ami, basi leo sikusumbui, bei yako naielewa. Nikirudi Jumatano na bado ipo, tutazungumza." Nikamnunulia kaptula ya mwanangu kwa 150, bila kupatana, nikaondoka.

Jumatano nilimkuta anakunywa kahawa. Kabla sijafika akasema, "Ile yako ipo." Sikiza neno hilo: yako. Jezi ilikuwa imeshaondolewa kwenye kamba, imekunjwa chini ya meza. Nikaifungua taratibu. Herufi za Carlsberg zilikuwa zimepasuka kwenye C na kwenye g, nyufa nyembamba kama za kuta za chokaa, na kwapani kushoto uzi wa mshono ulikuwa umeanza kuachia. Wateja wawili walikuwa wamesimama pale. Sikusema kitu. Nilimwekea jezi mkononi, kidole changu kwenye ule mshono, nikamtazama. Aliupapasa, akautazama kwenye mwanga, akanyamaza. Wale wawili walipoondoka akasema, "Una ngapi?" Nikamwambia ukweli, "Nina 2,000 na nauli imo humo." Akachukua 1,800.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Twapaza sauti: "Hii imepasuka, hii imefifia, hii feki!" mbele ya watu. Muuzaji akikujibu kwa ukali hapo si jeuri. Umemharibia soko, na wale wengine wamesikia. Hata kama angetaka kukupunguzia sasa hawezi, kwa sababu kila aliyesimama pale atataka bei hiyohiyo. Kasoro ya jezi ionyeshe kimya, mkononi mwake, aione kwa macho yake mwenyewe. Punguzo atalitoa yeye.

Kuna na suala la ufunguzi. Mombasa mteja wa kwanza wa siku ana uzito wake. Muuzaji anaamini siku itakwenda kama ilivyofunguliwa, kwa hiyo ukifika mapema akakwambia "nifungulie," yuko tayari kushuka kuliko saa tano, lakini hataki mtu wa kupatana dakika 20 halafu aondoke mikono mitupu. Ukifungua mazungumzo asubuhi uwe umeamua kununua. Kama huna pesa usiulize bei ya kwanza ya siku. Na adhana ya adhuhuri ikiingia katikati ya maneno, yaache pale pale, mwache mtu aende akasali. Nimewaona vijana wakimfuata muuzaji mpaka penye birika la kutawadhia wakimwambia "basi 1,200." Huyo hata ukimpa 3,000 jioni hakuuzii.

Wale wa simu sasa. Hawa wameongezeka. Unamuuliza bei, anatoa simu, anakuonyesha jezi kama ile ikiuzwa Uingereza pauni 90, na hapo hasogei. Usibishane naye kwamba Kongowea si London. Mwombe simu kwa adabu, mwonyeshe kwamba ile ni bei anayoiomba mwenye jezi, na bado hajalipwa. eBay ina mahali pa kuchuja ukaona zilizokwisha kuuzwa peke yake. Fungueni pamoja. Mara nyingi pengo ni kubwa, na mara nyingine si kubwa, na ikiwa si kubwa lazima ukubali kwamba muuzaji yuko sawa. Mimi iliwahi kunitokea kwa jezi moja ya Uholanzi, nikalipa alichotaka, wala sijutii. Kisha tazameni hali: ile ya 90 ina lebo zote, haina doa, ni saizi L. Yake ni ya mtoto wa miaka 12. Nimeona mtu mgumu akilainika kwa hilo tu, kwa sababu hukumwita mwongo.

Hapa nikwambie unachotakiwa kukijua kuhusu jezi yako kabla hujarudi, maana maarifa ndiyo yanayopunguza bei kuliko maneno mengi. O2 walikaa kifuani mwa Arsenal kuanzia 2002 hadi 2006. Kwa wauzaji wetu kila jezi ya O2 ni "ya kutofungwa." Msimu ule wa mechi 38 bila kushindwa, 26 za ushindi na sare 12, ni 2003/04, na jezi ya nyumbani ya wakati huo ilivaliwa misimu miwili, kuanzia 2002. Kama yako si nyekundu ya mikono myeupe, ni ile ya rangi ya damu ya mzee, basi hiyo ni ya 2005/06, msimu wa mwisho Highbury, uwanja wao wa zamani, ambao mshambuliaji wao Thierry Henry aliufunga kwa mabao matatu dhidi ya Wigan tarehe 7 Mei 2006. Hiyo nayo ina thamani, lakini ni hadithi nyingine, na bei ya hadithi moja usilipie nyingine.

Ndani, ubavuni, tafuta lebo ndogo ya Nike. Mara nyingi ina namba ya mtindo, tarakimu sita, mstari, kisha tatu za rangi. Iandike kwenye simu yako ukitafute kitu chenyewe. Ikileta picha ya koti la mvua au jezi ya timu nyingine, weka chini. Nusa pia. Jezi iliyotoka robotani ina harufu yake, kila mtu wa mitumba anaijua, na mikunjo iliyokaa miezi haiondoki kwa kutikisa. Jezi ya "mwaka 2003" isiyo na mkunjo, inayonuka plastiki mpya, imetoka kwenye paketi wiki hii.

Na usiitoe machoni. Hili nalisema kwa uchungu. Kuna muuzaji, wala si wa Kongowea, nilipatana naye vizuri sana kwa jezi ya Chelsea iliyotengenezwa na Umbro, ya miaka ya Autoglass kifuani. Tulicheka, alishuka kutoka 3,000 hadi 2,000 bila taabu, nikainama kwenye simu kutuma M-Pesa. Nyumbani Kisauni nikafungua mfuko: Chelsea, buluu, Autoglass, na nembo iliyoshonwa kwa nyuzi zinazoning'inia kama za kikoi kilichochanika. Alikuwa na ya pili, feki, chini ya meza. Niliporudi akasema ndiyo niliyochagua. Sikuwa na ushahidi wowote. Tangu siku ile jezi nikishapatana naikunja mwenyewe, naiweka kwapani, ndipo natuma pesa. Mwenye kukataa hilo simuulizi tena, hata awe mpole wa kupindukia. Yule ami mkali hakuwahi kunidhulumu hata shilingi.

Kuhusu pesa yenyewe, malizeni suala la ada ya kutoa M-Pesa kabla hamjashikana mkono. Mmekubaliana 1,800, unatuma 1,800, anakwambia "na ya kutoa je?" na hapo ugomvi unaanza upya. Mimi hubeba taslimu, noti za 200 na 100. Mwisho wa mazungumzo nikifikia ninachoweza, nazihesabu mbele yake pole pole na kuziacha juu ya nguo. Simsukumi. Mara nyingi mkono unakwenda.

Kama ana vitu vitatu unavyovitaka, usipatane kimoja kimoja. Mwambie akupigie hesabu ya vyote, halafu shuka kwenye jumla. Hiyo sina haja ya kuieleza, kila mtu wa soko aijua.

Sasa yako. 4,000 ni bei ya kukupima, na 800 ilikuwa tusi, samahani kukwambia hivyo, lakini umeuliza. Rudi siku ya kazi, asubuhi, usiende Jumamosi penye msongamano. Mwamkie. Mwambie, "Ndugu, siku ile nilitaja vibaya, niwie radhi." Usiogope kusema hivyo, ni maneno mepesi na pale yana nguvu sana. Muulize robota. Iombe jezi uitazame, lebo, mshono, herufi. Kama ni nyekundu ya 2002 hadi 2004, safi, saizi ya mtu mzima, mimi ningeanza na 1,500 na kuwa tayari kufika 2,300. Kama ina ufa kwenye O2, 1,700 inatosha. Akikataa, nunua kitu kidogo kwake, mwachie namba yako, mwambie utapita baada ya siku tatu.

Na ukikuta ana ya mikono mirefu, nijulishe yuko upande gani wa soko, upande wa barabara au kule ndani kwa viatu. Hiyo naitafuta tangu 2014.