Waliopasuliwa mgongo kufuatiliwa baada ya kutoka hospitali

Umeuliza kama ipo nchi inayowafuatilia waliopasuliwa mgongo baada ya kutoka hospitali. Ipo, dada. Uswidi wana Swespine, rejista ya taifa ya upasuaji wa uti wa mgongo, tangu miaka ya 1990. Mgonjwa hujaza dodoso mwenyewe kabla ya kupasuliwa, kisha baada ya mwaka 1, 2, 5 na 10: maumivu ya mgongo na mguu, anatembeaje, amerudi kazini au la. Daktari aliyempasua hamjazii, maana nani atajipa sifuri? MTUHA yetu (mfumo wa taarifa za vituo vya afya Tanzania), niliyoijaza sana hapa Tanga, huhesabu waliohudhuria na magonjwa yao. Haimfuati mtu kwake Pongwe kumuuliza kama sasa anainama. Ila hata Uswidi si wote wanaorudisha dodoso, kwa hiyo takwimu zao zisome kwa tahadhari.