Acha hapo hapo, andika kwanza reload in 10

Mkuu, usibandike hiyo kitu kwenye swichi. Umeuliza kuhusu Po1, kundi la kebo mbili zinazofanya kazi kama moja kati ya swichi: uweke `mode on` au `active`, na VLAN 40 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ipiteje humo. Nimesoma mistari uliyoiandaa, nimeishia kwenye huu: `switchport trunk allowed vlan 40`. Huo hauongezi 40. Unafuta orodha yote ya VLAN zinazoruhusiwa kupita na kuacha 40 peke yake! Sahihi ni `switchport trunk allowed vlan add 40`. Herufi tatu hizo zilinipeleka Mbeya.

Nilikuwa Dar, saa tatu usiku, nimeingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, kwenye swichi ya Cisco ya tawi la Mbeya. VLAN 10 ya kompyuta, 20 ya simu, 30 ya kuingilia swichi yenyewe. Kamera zilihitaji 40. Nikabandika mistari mitano kwa mpigo, wa mwisho `wr`, amri ya kuhifadhi, kama wako. Skrini ikaganda. Nikabonyeza Enter, hola. Nikapiga pingi, kimya. VLAN 30 niliyopitia kuingia ndiyo niliyoifuta.

Nikampigia mlinzi achomoe umeme wa swichi na kuurudisha. Ikawaka vilevile na kosa lake, kwa sababu ile `wr` ilikuwa imeshafika na kuhifadhi kila kitu. Hapo ndipo nilipoumia. Bila `wr`, mlinzi angemaliza kazi kwa dakika tano. Nilipanda basi la alfajiri, nikafika usiku, tawi limeshinda siku nzima bila simu wala mtandao. Mlinzi akanimulikia tochi nikachomeka kebo ya konsoli, inayoingia kwenye swichi moja kwa moja bila mtandao, nikaandika `add 10,20,30`, taa za simu mezani zikaanza kuwaka moja moja.

Mstari ule niliutoa kwenye notsi za kozi ya jioni niliyoilipia ada kamili. Mwalimu alitufundishia kwenye tranki (kiungo kinachopitisha VLAN nyingi) isiyo na orodha, `add` hakuitaja hata siku moja. Nilipompigia akasema nilipaswa kujua. Kujua kutoka wapi, kama siyo kwake?

Kwa hiyo fanya hivi. Hifadhi mipangilio ya sasa, inayofanya kazi. Kisha `reload in 10`. Ndipo uguse Po1, na uguse Po1 yenyewe, siyo poti moja moja, maana orodha zikitofautiana poti inatolewa kwenye kundi. Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi swichi inajiwasha upya na mipangilio ya zamani, unaingia tena umekaa kwako. Ukiwa bado ndani, angalia `show interfaces trunk`. Ukiziona VLAN zako zote za zamani pamoja na 40, `reload cancel`, halafu ndiyo `wr`, kwa mkono, peke yake.

Na weka `active` pande zote mbili. `on` haiulizi upande wa pili kama uko tayari.

Futa hiyo `wr` kwenye faili lako sasa hivi, kabla hujasahau.