Kwa nini Sanders aliachwa 2020

Mkuu, umeuliza iweje Seneta Bernie Sanders aanze kwa kishindo mchujo wa 2020 wa chama cha Democratic, ule wa kumpata mgombea urais wa Marekani, halafu mteule awe Joe Biden. Kwa maoni yangu, ni hofu. Wapigakura wengi walikuwa wakitafuta mtu anayeuzika, yaani atakayemwangusha Trump. Nchi ikishagawanyika pande mbili zisizoaminiana kabisa, kushindwa kunaonekana kama maafa, na mtu huacha chaguo la moyo wake akaanza kukisia jirani yake atamkubali nani.

Tazama siku chache tu. Katika majimbo mawili ya mwanzo kupiga kura, Biden alikuwa wa 4 Iowa, wa 5 New Hampshire, wengi walishamzika. Tarehe 26 Februari Jim Clyburn, mbunge mweusi anayeheshimika sana South Carolina, akatangaza kumuunga mkono. Tarehe 29 Biden akashinda jimbo hilo kwa mbali, akibebwa na kura za Weusi. Wagombea wenzake Buttigieg na Klobuchar wakajitoa, wakamuunga mkono, na tarehe 3 Machi akachukua majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo.

Ila hoja ya kuuzika inanikera. Hillary Clinton naye 2016 alinadiwa hivyo hivyo, akaanguka. Na Biden mwenyewe, dhidi ya Trump, alishinda Arizona, Georgia na Wisconsin, majimbo yaliyoamua ushindi wake, kwa tofauti ambayo ukiijumlisha haifiki kura 45,000. Kwa pengo dogo namna hiyo, sioni mtu anavyoweza kuapa kwamba Sanders angeshindwa, wala kwamba angeshinda.