Toa leso juu ya cherehani

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 29, naishi Kayole. Nimeshona miaka sita kwa mama mmoja mwenye kibanda. Mwaka jana, zamu yangu ya chama ilipofika, nilinunua cherehani nianze kushona nyumbani, lakini hadi leo imefunikwa leso. Jirani akiniletea kitambaa nasema nina kazi nyingi. Wakati mmoja nilikata kitenge cha mteja chenye ndege, wale wa mgongoni wakatokea kichwa chini. Yule mama akasema mbele ya watu kwamba mkono wangu wa kushoto hautawahi kukata nguo ya kuuzwa. Hata fomu ya mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, iko kwenye droo. Najiona sifai. Nifanyeje?*

Marahaba binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale pale: mkono wa kushoto. Umeutaja kama mtu anayekiri kosa. Hebu nikuulize, unakata kwa mkasi gani? Ule wa kawaida umetengenezewa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kulia, kidole gumba huyasukuma makali yakabanana. Ukiushika kwa kushoto, gumba lile lile huyatenganisha, kitambaa kikajikunja katikati badala ya kukatika, na upande wa juu wa mkasi unakuficha mstari wa chaki. Miaka sita umekata kwa chombo kinachokupinga, na watu wamezivaa nguo hizo! Mikasi ya wenye mashoto ipo. Ulizia maduka ya vifaa vya ushonaji mjini, hata kama itabidi wakuagizie. Mimi pia nina mashoto. Darasa la pili nilichapwa ili nishike kalamu kwa kulia, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mwandiko wangu mbaya ni uzembe wangu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Wale ndege nao hawakugeuzwa na mkono wako. Kitenge chenye picha kina juu na chini. Ukikikunja ncha kwa ncha, tabaka la chini linageuka. Kabla ya kukata, chora mshale kwa chaki kwenye kila kipande. Basi, umeshajifunza. Yule mama alikuwa na haki ya kukasirika kwa ajili ya kitambaa cha mteja, lakini haki ya kukutabiria maisha hakuwa nayo.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Jirani anabisha hodi na kitambaa, moyo unadunda, unasema una kazi nyingi, anaondoka, moyo unatulia. Utulivu huo ndio unaoilisha hofu, kwa sababu mwili umejifunza kwamba umeokoka kwa kukataa. Akirudi wiki ijayo, moyo utadunda zaidi. Ukingoja ujasiri uje ndipo utoe leso, cherehani itashika kutu. Ujasiri hufuata nyuma ya kazi, tena kwa kuchelewa.

Jumamosi hii nenda Gikomba ununue shuka la mtumba. Kata blauzi ya kipimo chako mwenyewe, uishone, uivae humo humo nyumbani. Ikiharibika, umepoteza shuka tu. Mikono itatetemeka, nawe iache itetemeke huku unakanyaga. Wiki inayofuata mpokee jirani mmoja, mwenye kazi ndogo: kupunguza suruali, kubadilisha zipu. Mtajie siku ya kuja kuchukua, kisha uiandike. Gauni la kitenge litafika zamu yake. Kibandani usiache kwanza, maana kodi ya nyumba inategemea mshahara huo.

Kuhusu fomu, mtihani wa ufundi wa NITA huanzia gredi ya 3, ukapanda hadi ya 2 na ya 1. Hakuna anayekutaka uanzie juu. Itoe kwenye droo leo usiku ujaze jina lako tu, mengine kesho. Kisha mtafute mwanachama mmoja wa chama chenu, yule asiyekucheka, umwombe akuulize kila Jumapili umefika wapi.

Blauzi ya shuka ikiisha, niandikie uniambie mabega yamekaaje. Hapo ndipo wengi husumbuka, hata wanaokata kwa mkono wa kulia.