Muulize Mpima: Kiwanja chenye namba au nusu heka mkongeni?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni muuza vitumbua hapa Makorora, Tanga, mwaka wa kumi na moja napanga. Mchezo wetu wa akina mama umeniangukia, nikijumlisha na akiba nina shilingi milioni 9. Dalali kanionyesha sehemu mbili upande wa Kange. Ya kwanza kiwanja kilichopimwa, mita za mraba 600, bei inakaribia kumaliza pesa yote. Kina namba na kitalu, ila maji bado na barabara ni majani matupu. Ya pili nusu heka, haijapimwa, milioni 6, bomba liko karibu, na muuzaji anasema barua ya mwenyekiti wa mtaa inatosha. Mume wangu anataka nusu heka. Mimi moyo unasita. — Mama Vitumbua, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Pesa inayotoka mia mia kwenye moshi haichezewi.

Mumeo hajakosea hesabu. Nusu heka ni kama mita za mraba 2,000, zaidi ya mara tatu ya hicho kiwanja. Lakini hizo ni 2,000 za leo. Siku ya urasimishaji, yaani mtaa uliojiotea unapopangwa na kupimwa, mpangaji mji atachora barabara, na barabara haishuki kutoka mbinguni, inamegwa kwenye maeneo yenu. Mimi mwenyewe nimewahi kupitisha kamba katikati ya banda la kuku la mzee mmoja aliyejigamba kuwa na eneo kubwa kuliko wote mtaani. Alinitazama tu. Mpaka leo tukikutana sokoni salamu yake ni fupi.

Na hilo bomba. Mara nyingi bomba hufuata barabara kuu, na kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu, eneo usiloruhusiwa kujenga, ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla hujasifia ukaribu wa maji, hesabu hatua kutoka kwenye lami.

Kinachonitia shaka zaidi ni hivi: nje ya mji wetu kwingi kulikuwa mkonge, na shamba la mkonge mara nyingi lina mwenye hati hata kama siku hizi limejaa vichaka. Anayekuuzia ni nani kwenye hati hiyo? Barua ya mwenyekiti inaweza kushuhudia kwamba mliuziana. Haimpi muuzaji haki ambayo hakuwa nayo.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kiwanja, lakini usikilipie kwa sababu tu kina namba. Mwombe muuzaji hati au barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja kabla ya hati, linganisha jina na kitambulisho chake, kisha peleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi ufanyiwe upekuzi. Utajua mmiliki ni nani, kama kimewekwa rehani, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Ukiwa hapo hapo omba uonyeshwe mchoro wa mipango miji. Wengi hawaombi. Weka kidole kwenye kiwanja chako uone kimeandikwa matumizi gani. Kuna watu wamejenga hadi lenta kwenye eneo la wazi, mahali watoto walipotengewa kucheza mpira.

Halafu nenda ukazitafute bikoni, alama za kona za mpaka. Ni chuma kilichosimikwa kwenye zege, na zege imechorwa namba. Zionekane kona zote. Zamani nilitumwa kufufua mipaka kwenye viwanja vipya, kona tatu nikaziona, ya nne nikakuta shimo tupu. Jua lilikuwa kali, nyumba ya jirani wakanikaribisha chai. Nimeinama kupokea kikombe, macho yakaangukia jikoni: figa la tatu lina herufi na namba, masizi yamelijaa. Mama mwenye nyumba hakuwa na ubaya wowote, aliona jiwe limekaa mraba, sufuria haitetereki. Lakini kona ile ilikuwa imehama mita 15, na majirani wawili walikuwa hawasemeshani kwa sababu yake. Kwa hiyo kona ikipotea usikubali dalali akuonyeshe kwa kidole. Lipia mpima mwenye leseni akufufulie mpaka kabla hujatoa hela.

Maji na barabara utavisubiri, sikufichi, na itakuchosha. Ila mahali palipochorwa, barabara ina nafasi yake na bomba lina pa kupita bila kubomoa choo cha mtu. Tembea Ngamiani utaelewa. Zile barabara za namba zilinyooshwa tangu enzi za Wajerumani, na hadi leo gari la taka linaingia na kutoka. Halafu nenda mtaa wowote uliojiotea wenyewe ujaribu kuingiza jeneza.

Kiwanja kikishakuwa chako, masharti ya hati kwa kawaida yanataka uendeleze ndani ya miezi 36, na ukianza chukua kibali cha ujenzi kwanza. Anza na chumba kimoja kama mfuko umebana.

Mume mpe jembe mkienda, bikoni huwa zimefunikwa na udongo. Na mkataba muandikishane mbele ya wakili, jina lako liwemo. Hilo hukuniuliza, lakini moshi wa vitumbua umeuvuta wewe.